Keki Imegeuka Rangi? Mwongozo Kamili wa Kumsaka Mchawi

Kabla hujaitupa, ikate katikati. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaona keki imetoka nyeusi juu, au asubuhi wanafunua chombo na kukuta imeshika ukijani, wanaimwaga pipani, kisha wiki inayofuata wanaoka kwa vipimo vilevile na kupata rangi ileile. Keki iliyogeuka rangi ni ushahidi. Ukiitupa, umetupa na majibu yake.

Mimi nimeshaoka keki za kijani, za kijivu, na moja iliyokusudiwa iwe nyekundu ikatoka na rangi ya udongo. Karibu kila mara mchawi alikuwa mmoja kati ya wawili: ama moto, ama mvutano wa asidi (uchachu, kama wa limau) na alkali (kinyume chake, kama bekingi soda) ndani ya bakuli. Waliobaki ni wachache, nao tutawafikia.

Kanuni ya kushika kabla ya kuanza

Oveni ikiwa nyuzi 180, ndani ya keki hakuna nyuzi 180. Mle mna maji, ya mayai, ya maziwa, ya siagi, na maadamu maji bado yapo, joto la ndani halivuki nyuzi 100. Keki nyingi huwa zimeshaiva katikati zikifika 97 au 98. Ganda ndilo linalokauka, na likishakauka joto lake hupanda kupita 140. Hapo ndipo sukari na protini huanza kushikana kwa kasi na kutoa ile rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watu vyumbani. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mmenyuko huo mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo rangi ikikosea nje, shuku moto na sukari. Ikikosea ndani, uache moto uende zake, utafute kilichoingia bakulini. Nimewaona watu wakihangaika na oveni mwezi mzima kwa sababu ya vidoa vya kijani ndani ya keki ya karoti. Oveni ya watu haikuwa na kosa lolote.

Kanuni hii ina upungufu mmoja. Keki zinazokaa motoni saa mbili au tatu, zile nzito za matunda makavu, asali au sukari ya kahawia, huingia weusi taratibu hadi moyoni. Hizo ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Hatua ya 1: Ikague mchana

Taa za jikoni zinadanganya. Taa ya njano huficha ukijani, na taa nyeupe kali huifanya keki nzuri ionekane ya kijivu. Chukua kipande, simama nacho dirishani, utazame rangi imekaa wapi. Imeenea ndani kote? Imezunguka tunda kama pete? Ni vidoa vidogo vilivyotawanyika? Ni mstari chini kabisa? Au ni ganda tu, na ndani kumesalimika?

Kisha, kama hakuna dalili ya ukungu (nitaieleza sasa hivi), nusa na uonje chembe. Ladha ya sabuni, au uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, ni sauti ya bekingi soda iliyozidi. Mara nyingi ulimi hujua kabla ya jicho.

Hatua ya 2: Jiulize ilianza lini

Keki iliyotoka ovenini tayari na rangi ya ajabu imekosewa kwenye mchanganyiko au kwenye moto. Iliyotoka nzuri, kisha ikageuka ikiwa inapoa au usiku wa kwanza, kwa kawaida ni kemia inayoendelea polepole, na haina madhara. Iliyokaa siku tatu au nne ndipo ikaota rangi, hiyo ni habari nyingine.

Ukungu huanza juu, au pale penye unyevu: chini ya aisingi, kandokando ya tunda, mahali kifuniko kilipogusa. Una manyoya au unga, na mpaka wake ni wa duara. Unaweza kuwa wa kijani, bluu, mweusi, mweupe, hata wa rangi ya waridi au chungwa. Rangi ya kemia haina manyoya, imo ndani ya keki yenyewe na haivutiki kwa kidole. Ukiona manyoya, tupa keki nzima. Kukata kipande kibovu hakusaidii, kwa sababu keki ina vitundu vingi na nyuzi za ukungu huwa zimeshapita mbali kuliko jicho linavyoona. Na usiinuse kwa karibu.

Kuna uharibifu mwingine unaowapita wengi. Katikati ya keki huwa kahawia, laini, yenye kunata, na ukiimega inavuta nyuzinyuzi kama gundi, huku ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hao ni bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuokwa, kwa kuwa, kama tulivyosema, mle ndani hapafiki zaidi ya nyuzi 100. Tupa, uoshe vyombo vizuri, upanguse sehemu ya kazi kwa siki, na keki zijazo ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunika.

Hatua ya 3: Kama kosa liko nje

Ganda jeusi huku ndani kubichi: moto mkali, au trei imewekwa karibu mno na chanzo cha moto. Kabla ya kubadili chochote nunua kipimajoto cha oveni, kidogo tu cha kuning'iniza ndani. Namba iliyoandikwa kwenye kitufe na joto halisi vinaweza kutofautiana sana, na hakuna maelezo ya mapishi yatakayokufaa ukiwa hujui oveni yako inasema kweli au inakisia. Oveni yenye feni hupunguzwa nyuzi 20 hivi chini ya ile isiyo nayo.

Angalia na chombo. Trei nyeusi hufyonza joto na kuunguza pembeni na chini mapema. Trei inayong'aa hulirudisha. Ukihamia kwenye trei nyeusi, punguza nyuzi 10 hadi 15.

Halafu sukari. Asali hukahawia upesi kuliko sukari nyeupe, kwa sababu imejaa fruktosi na glukosi, aina za sukari ambazo hazingoji joto kubwa. Maziwa ya unga hali kadhalika. Umebadilisha sukari kwa asali ukaacha moto uleule? Keki itakuwa nyeusi kabla haijaiva. Shusha moto, na ikishashika rangi unayotaka ifunike juu kwa karatasi ya foili bila kuikaza.

Vidoa vya kahawia juu ya ganda, mithili ya madoadoa ya chui, ni chembe za sukari ambazo hazikuyeyuka. Tumia sukari laini au piga siagi na sukari kwa muda mrefu zaidi.

Na ganda lililopauka, jeupe kama unga? Mara nyingi moto ulikuwa mdogo, au sukari imepunguzwa mno. Lakini sababu isiyofikiriwa ni asidi. Maillard hapendi uchachu. Mchanganyiko wenye limau au mtindi mwingi na bekingi soda kidogo hukataa kukahawia hata ukiuacha motoni mpaka ukauke. Kinyume chake pia ni kweli: soda ikizidi, ganda hukahawia haraka na kwa wingi. Kwa hiyo mchawi wa ndani wakati mwingine anafanya kazi yake hata nje.

Hatua ya 4: Kama kosa liko ndani, hesabu soda

Bekingi soda ni alkali. Limau, siki, mtindi, asali, kakao ya kawaida na sukari ya kahawia zina asidi. Vikikutana, asidi huila soda, gesi inatoka, keki inaumuka, na mwisho wake hakuna aliyebaki na nguvu. Soda ikikosa asidi ya kutosha, hubaki ndani ya keki, na rangi nyingi za mimea haziwezi kuivumilia.

Vipimo vya kushika kichwani: kwa kila kikombe cha unga (gramu 125 hivi), robo kijiko cha chai cha bekingi soda kinatosha. Nusu kijiko cha chai cha soda huhitaji kikombe kimoja cha maziwa ya mgando, au kijiko kimoja cha chakula cha limau au siki, ili iishe. Bekingi pauda ni mambo mengine: hiyo ina soda pamoja na asidi yake humohumo kwenye kopo, na inatosha kijiko kimoja cha chai, au kimoja na robo, kwa kikombe cha unga.

Na hapa ndipo balaa kubwa linapotokea. Pauda imekwisha, kopo la soda lipo, mtu anasema "si vyote vinaumua?" anaweka kijiko kwa kijiko. Kwa kipimo kilekile soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya pauda, na haina asidi ya kuidhibiti. Keki itatoka njano iliyokolea au kahawia, yenye vitundu vikubwa, na yenye ladha ya sabuni.

Sasa tazama rangi uliyoipata.

*Kijani kilichoenea, kilichotokea keki ikipoa.* Je, uliweka alizeti? Ndugu yangu mmoja haruhusiwi karanga, nikamwokea keki kwa siagi ya mbegu za alizeti badala ya karanga. Jioni ilikuwa ya dhahabu, ikatolewa picha. Asubuhi ndani ilikuwa kijani cha kuvu la mawe. Niliapa ni ukungu na nikaimwaga yote, leo ningeila. Mbegu za alizeti zina asidi iitwayo klorojeniki, na mazingira yakiwa ya alkali huungana na protini na hewa kuzaa rangi ya kijani. Kwa kuwa kazi hiyo huenda polepole, unaiona baada ya saa kadhaa, na huanzia katikati. Dawa ni kupunguza soda kwa theluthi moja au nusu na kuongeza kijiko cha limau, au kuhamia kwenye bekingi pauda.

*Vidoa vya kijani kwenye keki ya karoti.* Ni ndugu wa hiyohiyo. Karoti nayo ina asidi ile, kwa kiasi kidogo, na vidoa hutokea pale chembe ya karoti ilipokutana na soda ambayo haikusambaa. Chekecha soda pamoja na unga mara mbili, usiimwage juu ya karoti moja kwa moja.

*Bluu au kijani kuzunguka matunda ya bluberi, au keki nzima ya viazi vitamu vya zambarau iliyogeuka kijivu cha bluu.* Rangi za matunda mengi mekundu na ya zambarau huitwa anthosayanini. Ni kinyonga: penye asidi ni nyekundu au waridi, katikati ni zambarau, penye alkali ni bluu, kisha kijani. Hapa kuna mchawi wa pili asiyeshukiwa, ute wa yai. Yai lililokaa siku nyingi lina ute wenye alkali nyingi kuliko la juzi, na keki inayotegemea ute mwingi inaweza kuigeuza zambarau kuwa bluu hata bila soda hata chembe. Ongeza limau kwenye ute unapoupiga, au tumia mtindi kama kimiminika. Bluberi zitie nzima, mwishoni kabisa, zimepakwa unga kidogo. Zilizoganda zitie zikiwa bado zimeganda, la sivyo maji yake yatakimbia kwenye bakuli na kuchora mistari.

*Njano isiyo na manjano.* Keki nyeupe iliyopikwa kwa ute tu, bila kiini, ikatoka na unjano wa krimu. Hata unga mweupe wa ngano una rangi zilizojificha, ambazo huwa nyeupe penye asidi na njano penye alkali. Matone machache ya limau kwenye ute husafisha weupe kuliko unga wa bei yoyote. Kabla hujalaumu soda, hata hivyo, uliza kiini: rangi yake hutokana na chakula cha kuku, na mayai ya wiki hii na ya wiki ijayo yanaweza kukupa keki mbili tofauti. Siagi nayo ni hivyohivyo.

*Nyekundu ya matofali kwenye keki iliyotiwa bizari ya manjano.* Manjano ni njano mpaka ikutane na alkali, ndipo hugeuka nyekundu-kahawia.

*Vidoa vya njano iliyokolea au kahawia ndani, vichungu ukiviuma.* Madonge ya soda. Chekecha.

*Weusi wa keki ya ndizi.* Ndizi iliyopondwa na kuachwa mezani huwa kahawia yenyewe kwa hewa, na soda huukoleza weusi huo. Ponda dakika ya mwisho. Wengine tunaipenda vilevile nyeusi.

Hatua ya 5: Ihoji keki kwa manjano

Kama bado una shaka, jaribio hili huchukua dakika tano. Koroga robo kijiko cha chai cha manjano katika nusu kikombe cha maji. Gawa katika glasi tatu ndogo. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili tia chembe ya bekingi soda. Itageuka nyekundu-kahawia palepale. Hizo mbili ni mizani yako. Sasa ponda kijiko cha makombo ya ndani ya keki katika maji kidogo, uyaache yatulie, na umimine maji yake katika glasi ya tatu. Yakielekea kwenye ya pili, soda imezidi. Yakibaki njano kama ya kwanza, soda haijazidi kwa kiwango cha kuvuruga, na utafute penginepo.

Ukiwa na kabichi ya zambarau ni bora zaidi: chemsha majani machache, chukua maji yake. Yatakuwa waridi penye limau, bluu penye soda kidogo, kijani penye soda nyingi. Jaribio la manjano lina majibu mawili tu. La kabichi lina ngazi. Yote mawili hayafai kwa keki ya kakao, kwa kuwa kahawia yake hufunika kila kitu.

Kakao ni nchi nyingine

Watu husema "keki yangu ya chokoleti imetoka nyekundu" au "imetoka nyeusi tii" kana kwamba kakao ni moja. Ziko mbili. Ya kawaida ina uchachu, kipimo chake cha pH (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali) kikiwa kati ya 5 na 6, na rangi yake ni kahawia hafifu yenye wekundu. Ya pili imetiwa alkali kiwandani ili kuondoa ukali. pH yake hufika 7 hadi 8, na rangi huanzia kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Njia hiyo ilianzishwa na Mholanzi Coenraad van Houten katika karne ya 19, ndiyo sababu huitwa kakao ya Kiholanzi. Tazama orodha ya viambato kwenye kopo: ikitajwa alkali, au potasiamu kaboneti, ni hiyo.

Kakao ya kawaida pamoja na soda huleta kahawia iliyokolea yenye wekundu, na soda ikizidi, weusi na ladha ya sabuni. Ndiyo, wekundu wa asili wa keki ya chokoleti ulianzia hapa, muda mrefu kabla ya chupa za rangi nyekundu. Ukitumia kakao ya kawaida pamoja na siki na maziwa ya mgando, wekundu huo huonekana, lakini usitarajie nyekundu ya bendera. Ni nyekundu ya mti wa mkangazi.

Kosa la kawaida ni kubadilishana makopo. Maelezo yanasema soda, kwa sababu yanategemea uchachu wa kakao ya kawaida. Wewe umetia ya Kiholanzi. Soda imekosa mwenzake. Keki itakuwa nyeusi, imedidimia katikati, na ina ladha ya sabuni. Ukibadili kakao, badili na kiumuaji: ya Kiholanzi iendane na pauda.

Rangi inayokimbia

Shida nyingine si rangi mpya kuja, ni rangi uliyoitia kuondoka. Ile keki yangu ya udongo ilikuwa ya bitiruti. Rangi ya bitiruti si anthosayanini. Ni jamii nyingine, betalaini, na adui yake mkubwa ni joto. Hukaa vizuri penye uchachu na huanguka upesi penye alkali. Kwa hiyo: hakuna soda, tia limau, na oka keki nyembamba katika trei pana ili ikae motoni muda mfupi. Hata hivyo utapata waridi iliyotulia, si damu ya mzee.

Majani ya kijani, kama spinachi, yanadai kinyume kabisa. Kijani cha majani kimeshikiliwa na chembe ya magnesiamu. Asidi na joto huing'oa, na kinachobaki ni kijani cha zeituni kinachoelekea kahawia. Mtindi na limau hapa ni maadui, na muda mrefu motoni pia. Ndiyo maana keki ya tabaka mbili, ya bitiruti na ya spinachi, haiwezi kutoka kwenye bakuli moja la mchanganyiko uliogawanywa. Nimejaribu. Andaa michanganyiko miwili.

Rangi za chupa zinavumilia zaidi, lakini zina hesabu zake. Bluu ikitiwa kwenye mchanganyiko wenye viini na siagi hutoka kijani, wala hakuna kemia hapo. Ni bluu juu ya njano, kama tulivyofundishwa tukiwa wadogo na kalamu za rangi. Waridi juu ya njano ni rangi ya embe. Ukitaka bluu au waridi safi, tumia ute peke yake na mafuta yasiyo na rangi badala ya siagi ya njano, na vanila isiyo na rangi. Aisingi ya siagi iliyo na unjano husafishwa kwa ncha ya kijiti ya rangi ya zambarau, kidogo mno, kwa kuwa zambarau huifuta njano. Ukizidisha, utapata kijivu.

Rangi ya jeli hustahimili oveni kuliko ya maji, na aisingi ikilala usiku mmoja hukolea yenyewe, kwa hiyo acha kabla hujafika unapotaka. Zambarau iliyotengenezwa kwa kuchanganya waridi na bluu, ikikaa dirishani, hugeuka bluu ya kijivu: waridi nyingi hufa kwa mwanga kabla ya bluu. Ifunike, iweke gizani mpaka saa ya kuitoa.

Kijivu, na ule mstari wa chini

Kijivu hafifu cha keki ya limau au cha ute uliopigwa mara nyingi ni alumini. Bakuli au trei ya alumini tupu hutoa chembe zake ikikwanguliwa na mchapo wa kupigia mayai au ikikaa na asidi. Chuma kisicho na ngozi nzuri ya mafuta, kikikutana na matunda yenye ukakasi, hutoa weusi wa wino. Piga kwenye kioo au chuma cha pua, na tandaza karatasi kwenye trei.

Mstari mweusi unaong'aa chini ya keki, mzito kama ugali mbichi, haukuungua. Ni keki iliyokosa kuiva pale, au mafuta na sukari vilizidi na kuzama. Kijiti kinaweza kutoka kikavu juu huku chini kubichi. Kichome mpaka kiguse trei.

Hatua ya 6: Oka kikombe kimoja kabla ya keki nzima

Ukishamshuku mchawi, usioke keki nzima kumhukumu. Pima robo ya mchanganyiko, ugawe katika vikombe vidogo viwili vya kuokea: kimoja kama kawaida, kingine na badiliko moja. Moja tu. Ukipunguza soda, ukaongeza limau na kubadili trei siku hiyohiyo, keki itapona na hutajua nani alikuwa mgonjwa. Oka pamoja, kata vyote, acha kesho yake uvitazame tena mchana, maana kile kijani cha alizeti hupenda kuchelewa. Andika kwenye daftari aina ya kakao, umri wa mayai, chombo, na rangi. Maelezo ya mapishi hayakumbuki kwamba wiki ile mayai yalikuwa ya juzi, daftari linakumbuka.

Wageni wako njiani, keki ni ya bluu

Kama ni soda iliyogusa matunda au viazi vya zambarau, chemsha sukari na limau kwa uwiano sawa, tobolea keki kwa kijiti, uinyweshe ingali moto. Anthosayanini hurudi wekundu zikipata asidi, nawe utaona rangi ikipanda mbele ya macho yako, angalau pale sharubati ilipofika. Sharubati hiyo hufunika pia ladha ya sabuni kidogo. Kijani cha alizeti mimi hukificha tu: kakao juu, aisingi pembeni, na ninakata vipande mwenyewe jikoni. Keki iliyopauka ganda, ipake siagi iliyoyeyushwa na asali, uirudishe chini ya moto wa juu kwa dakika mbili ukiwa umesimama palepale. Simu usiishike. Dakika ya tatu ni ya mkaa.